SOMO: Namna ya kumgeuza mhusika mwovu kwenye hadithi fupi (bila ajali ya lori mlima Kitonga)

Wakuu, heshima kwenu. Naweka uzi huu ili nikiulizwa tena niwe naelekeza hapa tu. Kila wiki kuna mtu ananitumia hadithi yenye mtu mbaya anayekuwa mwema ukurasa wa mwisho, na swali ni lile lile: "Mbona wasomaji hawaamini?" Hawaamini kwa sababu hujawaonyesha kitu cha kuamini, umewatangazia tu.

Nipo Mbeya, kwa hiyo mifano yangu ni viazi, baridi na malori. Walioko pwani wafanye viazi viwe samaki.

Nazungumzia hadithi fupi, tuseme maneno 1,500 hadi 3,000. Riwaya ina nafasi ya kumchosha mtu taratibu mpaka abadilike. Huku nafasi hiyo haipo, na wengi wanaharibu kwa kutaka kubana toba ya miaka kumi ndani ya kurasa sita.

Hatua ya 1. Chagua kosa moja. Nimesema kosa, sijasema tabia. "Alikuwa katili" haitoshi. Kosa ni kitu ambacho jirani anaweza kumsimulia mjumbe wa nyumba kumi kwa sentensi moja. Mfano nitakaoutumia: Ambokile ni dalali wa viazi Isyonje, pale barabara ya Uyole–Tukuyu inapochepuka kwenda Kitulo. Anawafungia wakulima lumbesa. Sheria inataka gunia lisizidi kilo 100. La kwake linashonewa kilemba juu, viazi vinaongezwa, na mkulima analipwa bei ya gunia moja.

Hatua ya 2. Aliyeumizwa awe mtu mmoja mwenye jina. Wangu anaitwa Sekela.

Hatua ya 3. Anza siku ile ile mambo yanapoamuliwa. Utoto, shule, mama wa kambo, vyote achana navyo, au vimalize kwa sentensi mbili za kisengerenyuma, yaani kumrudisha msomaji nyuma kidogo.

Hatua ya 4. Uovu uwe na faida. Ambokile ana ada za watoto, na mnunuzi wa Dar anamwamini kuliko madalali wengine kwa sababu magunia yake yanajaa. Msomaji afike mahali aseme, "Hata mimi ningefanya." Usipomfikisha hapo, kugeuka kwa Ambokile hakutamgusa, maana hakuna anachokiacha.

Hatua ya 5. Alipe. Hapa ndipo hadithi zangu za mwanzo ziliponifia, na ndipo zinapofia nyingi ninazotumiwa. Mwandishi anadhani kugeuka ni kujisikia vibaya. Mhusika analia, anapiga magoti, anasema nimekosa, mwisho. Machozi ni bure. Hata mtoto akikutwa na mkono kwenye kopo la sukari analia. Waliopita madrasa watakumbuka masharti ya toba: uiache dhambi, uijute, uazimie kutoirudia, na kama ulichukua haki ya mtu, uirudishe. Majuto na azma viko moyoni, na kalamu inahangaika sana kuvionyesha. Kurudisha kunaonekana kwa macho, kwa hiyo jenga hadithi yako hapo. Na wa kanisani wamchukue Zakayo, Luka 19. Habari yake yote ni aya kumi, na hatuambiwi kwamba alilia. Mtoza ushuru anasimama na kutaja hesabu: nusu ya mali kwa maskini, na mara nne kwa kila aliyemdhulumu. Aliiba kwa hesabu, anatubu kwa hesabu. Fuata hiyo. Mwizi wa uzito alipe uzito. Aliyemchafulia mwenzake jina, lake nalo lichafuke wakati analisafisha la mwenzake.

Kwa hiyo Ambokile wangu hatoi hotuba. Lori limeshawashwa, mnunuzi ana haraka, anataka usiku umkute Makambako. Ambokile anachukua kisu, anakata kamba ya kilemba kwenye gunia la Sekela, viazi vinamwagika miguuni pa mnunuzi. Halafu anahamia gunia la pili. Hapo amempoteza mnunuzi, na msomaji amejua bila kuambiwa.

Tahadhari za hatua hii, zisome mara mbili:

Ajali marufuku. Malori yaliyopinduliwa Kitonga na Mlima Nyoka kwenye hadithi ninazoletewa yangetosha kuifunga TANZAM, barabara kuu ya Dar hadi Zambia, mwezi mzima. Mtu aliyebadilika kwa sababu amevunjika mguu hajachagua chochote.

Ndoto, bibi marehemu anayetokea usiku, mchungaji anayepita njiani na fungu mkononi: hapana.

Usimuue mtoto wake ili yeye apate funzo. Mtoto hakushona lumbesa.

Usimlipe fidia. Akikata kilemba asubuhi, jioni akapata mnunuzi bora zaidi, umemrudishia nauli na safari haikumgharimu kitu. Hili linawashinda hata waandishi wazuri, kwa sababu tunawapenda wahusika wetu wakishatubu. Wapendeni, lakini wabaki na hasara yao.

Hatua ya 6. Aliyeumizwa hadaiwi msamaha. Sekela anaokota viazi vyake, anavitia kwenye ndoo, kisha anauliza, "Na vya mwaka jana?" Mwache aulize. Usimtafutie Ambokile jibu.

Hatua ya 7. Futa aya ya mwisho, ile inayoanza "Tangu siku hiyo".

Maswali yaje hapa chini, msinifuate faragha.

MASWALI

Kijana wa Makambako: Kamwene mkuu. Kwenye hadithi yangu jambazi anapata ajali ya bodaboda halafu anaokoka. Inafaa?

Mwenye uzi: Kamwene. Hatua ya 5 umeisoma?

Kijana wa Makambako: Nimeipitia juu juu. Ila yangu ni bodaboda mkuu, siyo lori.

Mwenye uzi: Haya.

Binti Tukuyu: Ndaga fijo mwalimu. Naomba kuuliza, kama aliyedhulumiwa ameshafariki inakuwaje? Babu kwenye hadithi yangu alisogeza mpaka wa shamba la migomba la jirani yake. Jirani akafa. Sasa babu anamrudishia nani?

Mwenye uzi: Ndaga dada. Swali hili limelizidi somo. Kwanza mzuie babu asiende kaburini kuomba radhi. Kule anaongea na mtu asiyeweza kumkatalia, na radhi isiyoweza kukataliwa ni rahisi mno. Deni linarithiwa: kuna mjane, kuna mtoto, kuna mtu amekodi anapalima. Kati ya hao mtafute yule asiyejua kabisa kwamba aliibiwa. Hapo babu angeweza kunyamaza mpaka naye azikwe na hakuna ambaye angejua, ndiyo maana akisema itakuwa na uzito. Pili, mpaka aliusogeza usiku? Basi aurudishe mchana, siku ya gulio, watu wakipita na mizigo yao, kila mmoja akisimama kuuliza babu anachimba nini. Tatu, ulifikiria kuhusu ndizi? Mpaka unarudi kwa jembe, lakini ndizi za miaka yote hiyo zilikwenda wapi? Kama kuna mtu alisomeshwa kwa zile ndizi, hadithi yako ni ngumu kuliko ulivyodhani.

Binti Tukuyu: Jamani. Binti yake ndiye msimuliaji. Ni mwalimu.

Mwenye uzi: Sasa unafanya nini huku? Nenda kaandike.

Mpenda Haki: Mimi napinga. Watu hawabadiliki. Hizi ni hadithi za kufurahisha wachungaji.

Mwenye uzi: Sijasema popote kwamba watu hubadilika. Nimesema mtu mmoja, siku moja, alifanya jambo moja lililomtia hasara. Kesho yake Ambokile anaweza kushona lumbesa tena, hadithi yangu haifiki kesho. Soma kwanza, halafu upinge.

Mpenda Haki: Sasa hasira za nini.

Mwenye uzi: Baridi.

Kidato cha Nne Iringa: Shikamoo. Naomba unitumie hadithi ya Ambokile yote, nina zoezi la uandishi kesho.

Mwenye uzi: Marahaba. Hapana.

Kalamu ya Mafinga: Mkuu, nafsi ya kwanza au ya tatu? Nimejaribu zote naona ya kwanza inaleta uchungu zaidi, ila kuna kitu hakikai sawa na sikijui.

Mwenye uzi: Nadhani nakijua. Mkosaji akijisimulia toba yake anageuka kuwa wakili wake mwenyewe. Hata akisema "nilikuwa mbaya sana", msomaji anasikia mtu anayetaka ahurumiwe. Wapo wanaoutumia udhaifu huo makusudi, msomaji akamaliza bila kujua kama amwamini msimuliaji au la, na ikifaulu ni tamu kweli. Ila kwa anayeanza ningesema mkabidhi usimulizi mtu wa pembeni aliyekuwepo. Kwa Ambokile ningemchukua kijana anayeshona magunia. Yeye hajui bosi wake anawaza nini, anaona kisu tu. Kilemba amekishona kwa mkono wake, kwa hiyo dhambi nayo ameigusa. Na bosi akianza kukata kamba, kibarua cha kijana ndicho kinachokatwa. Huyo ana sababu ya kukasirika, na msimuliaji aliyekasirika hawezi kukuponyoka ukahubiri.

Kalamu ya Mafinga: Nimeelewa. Na kijana naye abadilike?

Mwenye uzi: Hadithi fupi ibebe mmoja tu. Wawili wakitubu siku moja huo ni mkutano wa injili.

Mwana Lupa: Nikiweka hadithi yangu mtandaoni si itaibiwa?

Mwenye uzi: Hakimiliki unayo tangu ulipoiandika, kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999. COSOTA, ofisi ya hakimiliki, wanasajili kazi, na usajili unakusaidia ukihitaji ushahidi. Ila wazo halilindwi. Dalali anayetubu ni wa kila mtu, sentensi zako ndizo zako. Na ukitaka kushindana, ipo Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inaratibiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania. Soma tangazo la mwaka husika uone nyanja zilizotajwa, usipeleke hadithi fupi pale wanapotaka riwaya.

Binti Tukuyu: Nimerudi. Babu akiongea naruhusiwa kuweka Kinyakyusa?

Mwenye uzi: Weka, na usitafsiri. Msomaji wa Tanga atakisia kutokana na anayejibu. Ila kiwe kwenye maneno ambayo babu asingeweza kuyasema kwa Kiswahili, kisiwe pambo la salamu tu.

Dalali Mstaafu Uyole: Nimesoma yote kwa raha, lakini niruhusuni mtu wa viazi niseme. Huyo Ambokile hamjamfahamu. Dalali anapata kamisheni yake kwa gunia. Gunia likiwa kubwa, idadi ya magunia inapungua na kamisheni yake inapungua. Anayekula lumbesa ni mnunuzi. Dalali anaikubali ili mnunuzi asimkimbie. Hela yake mwenyewe anaitafuta kwenye cha juu: mkulima anaambiwa bei hii, mnunuzi anaambiwa bei ile, cha katikati anaweka mfukoni.

Mwenye uzi: Shikamoo mzee wangu. Umenibomolea hadithi na nakushukuru. Maana yake akikata kilemba tu, Ambokile anarudisha kilichokuwa kinaliwa na mnunuzi, na cha juu kinabaki mfukoni mwake hakijaguswa! Anaonekana shujaa kwa mali ya mwenzake. Basi kilemba kitakatwa mapema, watu wamsifu, na msomaji adhani yamekwisha. Halafu Sekela anauliza lile swali lake la mwaka jana, na hapo ndipo Ambokile anataja bei ambayo mnunuzi amekuwa akitoa muda wote, mnunuzi mwenyewe akiwa amesimama pale pale.

Dalali Mstaafu Uyole: Marahaba. Akitaja bei mbele ya watu wote wawili, hapati tena kazi Isyonje, wala Uyole, wala Mwanjelwa. Hata wenzake watamkimbia, maana amewaanika na wao.

Mwenye uzi: Wenzake sikuwafikiria kabisa. Wawepo kwenye lori?

Dalali Mstaafu Uyole: Wanakuwepo siku zote, wanasubiri zamu.

Kalamu ya Mafinga: Mzee, mimi sijawahi kuona viazi vikipakiwa, huku kwetu ni mbao. Naweza kuja kusikiliza watu wanavyoongea?

Dalali Mstaafu Uyole: Njoo Uyole alfajiri kabla jua halijatoka, vaa koti zito. Daftari acha nyumbani, wakikuona unaandika watadhani umetumwa na Wakala wa Vipimo na hakuna atakayefungua mdomo. Jifanye unatafuta mzigo wa viazi vya chipsi, utaambiwa kila kitu pamoja na uongo wake.