Kumlea Mtoto kwa Kiswahili na Kiswidi: Kazi Huanza Kabla ya Shule

Mzazi wa Afrika Mashariki aishiye Uswidi hana haja ya kukihangaikia Kiswidi cha mwanawe. Mtoto anayeingia chekechea mapema atakipata kwa walimu na wenzake, na haitachukua muda kabla hajaanza kugombana na dada yake kwa lugha hiyo. Kiswahili ndicho kisicho na mwingine wa kukitoa ila watu wa nyumbani kwake.

Wengi hujiliwaza kwamba shule itakuja kulifanya hilo. Ni kweli kwamba tangu mageuzi ya mwaka 1977 manispaa za Uswidi zina wajibu wa kutoa masomo ya lugha ya mama, yanayoitwa modersmålsundervisning, na Kiswahili kimo katika haki hiyo. Hata hivyo, yana masharti: lugha iwe inatumika kila siku baina ya mtoto na mzazi, mtoto awe tayari ana ujuzi wa msingi, mwalimu anayefaa apatikane, na kwa kawaida manispaa hailazimiki kuanzisha masomo ikiwa waombaji wa lugha hiyo hawafiki 5. Kwa hiyo familia iliyoacha kuzungumza Kiswahili mtoto akiwa na miaka mitatu huenda ikafika kwenye fomu ikiwa imekwisha kujiondolea haki. Aidha, inafaa kufahamiana mapema na familia nyingine za manispaa yenu na kuhimizana kuomba, bila kubishana kama mwalimu ana lafudhi ya Mombasa, Bukavu au Bujumbura.

Kuhusu nani azungumze nini, utaratibu wa mzazi mmoja lugha moja ni wa zamani: mwaka 1913 mwanaisimu Mfaransa Jules Ronjat alichapisha maelezo ya jinsi mwanawe alivyokua na Kifaransa cha baba na Kijerumani cha mama. Utaratibu huo unawafaa waliooana na Waswidi. Wazazi wote wawili wakiwa wasemaji wa Kiswahili, naona ni afadhali wakitumie wote, kwa sababu lugha inayosikika kwa mtu mmoja tu, tena aliyerudi kazini amechoka, hupata nafasi finyu. Na wale ambao lugha yao ya moyoni ni Kihaya au Kikikuyu wasione haya kuichagua hiyo.

Wakati mgumu ni pale mtoto anapoanza kujibu kwa Kiswidi kila anapoulizwa kwa Kiswahili. Kumkaripia, au kujifanya humwelewi, humfanya anyamaze. Akiomba maziwa kwa Kiswidi, mwulize, "Unataka maziwa ya moto au ya baridi?" kisha umpe. Akisema "kitabu yangu", mjibu, "Kitabu chako kiko wapi? Kilete tukisome", maana ngeli huingia masikioni kabla ya kuingia kwenye daftari. Tabia ninayoichukia mimi ni ya kumsimamisha mtoto mbele ya wageni aoneshe Kiswahili chake kama mnada.

Kuna mahali ambapo lugha hizi mbili hupokeana vizuri. Kiswidi, kama Kiswahili, hutenganisha ndugu wa baba na wa mama: faster ni shangazi, morbror ni mjomba, moster ni mama mdogo au mama mkubwa. Mtoto hulishika hilo upesi kwa picha za familia. Saa ni jambo jingine. Saa zetu zilizaliwa mahali ambapo jua huchomoza karibu wakati uleule mwaka mzima, ilhali mwezi Desemba jua la Stockholm huzama kabla ya saa tisa alasiri. Ngoja kwanza aweze kusoma saa kwa Kiswidi, ndipo umweleze kwamba bibi huhesabu kuanzia alfajiri.

Kuchanganya maneno ya lugha mbili katika sentensi moja si ugonjwa. Anapopimwa kliniki ya watoto, taja maneno anayoyajua katika lugha zote mbili. Yakiwa machache kote, omba aonwe na mtaalamu wa lugha, lakini usikubali kwamba dawa ni kuacha Kiswahili.

Simu ya video kwa bibi ipewe kazi ya kufanya, kwani maswali ya "hujambo, shule je?" huisha kwa dakika moja. Kumbuka kwamba Dar es Salaam iko mbele kwa saa moja wakati wa kiangazi na saa mbili wakati wa baridi, ili usimpigie amekwisha lala. Kisha mwachie atege vitendawili. Mtoto aliyekuwa akijificha nyuma ya kiti huitikia "Tega!", na akishindwa bibi hudai mji: atapewa Malmö, au hata Kiruna, lakini Göteborg mwenye nayo hataki kuitoa.