Namna ya kuifuata na kuiandikia TP Mazembe mjini Lubumbashi

Anayetaka kuandika juu ya TP Mazembe, klabu ya soka ya Lubumbashi nchini Kongo, afike mwenyewe uwanjani Kamalondo, mapema, kabla wachezaji hawajaanza kupasha misuli, kwa kuwa hapo ndipo huonekana nani anachechemea na nani anazoezwa kupiga kona. Daftari liwe na safu mbili: moja ya dakika na matukio, nyingine ya maswali ya kumuuliza kocha baadaye. Bao lisiandikwe peke yake. Eleza mpira ulinyang'anywa wapi, pasi ya mwisho ilitoka kwa nani, na beki yupi aliacha nafasi yake, maana msomaji aliyesikiliza redio anajua matokeo tayari, lakini sababu bado anaitafuta.

Historia nayo ihakikishwe. Klabu hii, iliyoanzishwa mwaka 1939, imetwaa ubingwa wa Afrika mara tano (1967, 1968, 2009, 2010 na 2015), na mwaka 2010 iliitoa Internacional ya Brazili kwa mabao 2-0 kabla ya kufungwa 3-0 na Inter Milan katika fainali ya Kombe la Dunia la Klabu. Nami bado naona fahari kuiandika sentensi hiyo.

Siku ya kukutana na Saint-Éloi Lupopo, wapinzani wao wa mji huohuo, keti walau kipindi kimoja miongoni mwa mashabiki wa Lupopo, wale wa manjano na buluu, uwasikilize kwa heshima, kisha uandike usiku huohuo, kabla kumbukumbu haijapoa.