Kuchapisha Negativu za Familia Nyumbani: Mwongozo wa Chumba cha Giza Ndani ya Bafu la Nairobi

Kabati nyingi za Nairobi bado zina bahasha za studio, na ndani ya bahasha hizo, nyuma ya picha zilizokwisha kugawiwa shangazi na wajomba, mna vipande vya negativu ambavyo hakuna aliyevitazama tangu vilipotoka kwa mpiga picha. Siku hizi mtu anayetamani picha za enzi hizo hupakua programu ya simu inayoongeza chembechembe na mikwaruzo juu ya picha aliyoipiga asubuhi ileile. Sioni ubaya wa mchezo huo, ingawa unashangaza kidogo, maana kitu chenyewe kinachotamaniwa kimo ndani ya droo ya mama. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuichukua negativu ya nyeusi na nyeupe na kuichapisha kwenye karatasi halisi ya picha, kwa usiku mmoja, ndani ya bafu la nyumba ya kupanga, hata bila mashine ya kukuzia. Anayehitaji nakala za kutuma kwenye kundi la WhatsApp la ukoo na askani tu. Atamaliza mapema na hatamwaga maji.

Kazi ya kwanza ni kuchambua. Kaa karibu na dirisha wakati wa mchana, osha mikono uikaushe vizuri, shika kila negativu kwenye kingo zake na uielekeze kwenye mwanga. Tenga zile kubwa, hasa za sentimita 6 kwa 6 au 6 kwa 9 zilizopigwa kwa filamu ya 120, kwa kuwa hizi zaweza kuchapishwa kwa ukubwa wake wenyewe na uso wa mtu ukatambulika. Negativu ya milimita 35, ambayo picha yake ni milimita 24 kwa 36 tu, itakupa picha yenye ukubwa wa stempu ya posta. Hiyo inafaa kwa kuchagua, si kwa kutundika ukutani. Soma pia maandishi ya pembeni. Neno SAFETY likionekana, msingi wa filamu si naitreti, ile aina ya zamani inayoshika moto kwa urahisi mno na ambayo Kodak iliacha kuitengeneza mwaka 1951. Negativu ya kabla ya wakati huo isiyo na neno hilo iwekwe peke yake, mbali na jiko na joto.

Tumia pua vilevile. Negativu inayotoa harufu kali ya siki imeanza kuoza katika msingi wake wa asetati, na mvuke wake huharakisha kuoza kwa zile zinazolala nayo ndani ya bahasha moja. Itenge, na uichapishe kwanza kabla haijajikunja. Zenye ukungu zisioshwe, kwa sababu ukungu huifanya jelatini, tabaka lililobeba picha, iwe rahisi kuyeyuka, na picha yaweza kuondoka pamoja na maji. Pangusa vumbi kwa brashi laini na uishie hapo. Usisahau stoo wala gereji. Negativu za Priya Ramrakha, mpiga picha aliyezaliwa Nairobi mwaka 1935 na kuuawa akiwa kazini katika vita vya Biafra, Nigeria, mwaka 1968, zilikaa miongo kadhaa bila kujulikana ziliko, kisha zikapatikana katika gereji moja jijini humu.

Bafu linafaa kwa sababu lina maji, lina pa kuyamwagia, na katika fleti nyingi lina dirisha moja dogo tu lililo juu. Liweke dirisha hilo kadibodi iliyofunikwa kwa mifuko miwili myeusi ya takataka, kisha uzibe kingo zote kwa mkanda mweusi wa gundi, na uwazi wa chini ya mlango uuzibe kwa blanketi. Kwa kuwa tuko karibu na ikweta, giza la Nairobi huingia karibu saa moja jioni mwaka mzima, kwa hiyo anayeanza kazi saa mbili usiku hana ugomvi na jua. Ugomvi wake ni na taa kubwa ya ulinzi iliyo kwenye ploti ya jirani. Zima kila kitu, kaa gizani dakika 5 mpaka macho yazoee, kisha uzibe kila tundu linaloonekana. Wenzako wa nyumbani nao waoge mapema, kwa sababu mlango ukifunguliwa katikati ya kazi pakiti nzima ya karatasi itaharibika.

Karatasi ya kawaida ya picha za nyeusi na nyeupe haioni mwanga mwekundu, na ndiyo maana, tofauti na filamu inayodai giza totoro, unaweza kuifanyia kazi huku ukiitazama. Tumia taa nyekundu ya betri, kama ile ya nyuma ya baiskeli, isiyomemeteka. Umeme na sakafu yenye maji havipatani, na taa ya betri haizimiki stima inapopotea. Lakini si kila taa inayoonekana nyekundu ni nyekundu tupu, kwa hiyo ijaribu kwanza: weka sarafu juu ya kipande cha karatasi ya picha chini ya taa hiyo, ngoja dakika 5, kisha ukisafishe kipande hicho kwa dawa zinazoelezwa hapa chini. Umbo la sarafu likitokea, taa yako inavujisha mwanga. Isogeze mbali au uibadilishe.

Karatasi na dawa huenda ukalazimika kuziagiza kutoka nje. Kodak ilitangaza mwaka 2005 kuwa inaacha kutengeneza karatasi ya nyeusi na nyeupe, lakini Ilford ya Uingereza na Foma ya Jamhuri ya Cheki zinaendelea. Ushauri wangu ni kununua pakiti mpya, hata kama rafiki mwenye studio anakupa bure boksi lililokaa rafuni tangu miaka ya tisini, kwa sababu karatasi iliyozeeka hutoa weupe wa kijivu na anayeanza hatajua kosa ni la karatasi au ni lake. Chagua ile yenye tabaka la plastiki. Karatasi ya nyuzi tupu ni nzuri zaidi mkononi, ila inaweza kudai hadi saa nzima ya maji yanayotiririka, na katika mtaa wenye mgao wa maji hiyo ni anasa. Ile ya plastiki huoshwa kwa dakika 2.

Pata trei tatu za plastiki na beseni moja la maji, uziandike majina, na zisirudi jikoni kamwe. Trei ya kwanza ni ya developa, dawa inayoibua picha. Ile ya Ilford Multigrade, kwa mfano, huchanganywa mililita 100 kwa mililita 900 za maji. Ya pili ni ya kuisimamisha developa, na hapa siki nyeupe ya dukani yenye asidi ya asilimia 5 inatosha, sehemu 1 kwa sehemu 2 za maji. Ya tatu ni ya fiksa, inayoondoa chumvi za fedha ambazo hazikuguswa na mwanga ili picha isiendelee kuwa nyeusi mchana. Fiksa ya haraka huchanganywa sehemu 1 kwa sehemu 4 za maji. Zipange kwa mfuatano huohuo, na kila trei iwe na koleo lake, maana tone la fiksa likiingia kwenye developa huiharibu. Vaa glavu, na ufungue mlango kila baada ya muda hewa ibadilike, karatasi ikiwa imefungwa ndani ya pakiti yake.

Joto la dawa liwe nyuzi 20 za Selsiasi. Katika usiku wa Julai maji ya bomba huwa baridi kiasi cha kuichelewesha developa, na tiba yake ni kuiweka trei ndani ya karai lenye maji ya vuguvugu huku ukipima kwa kipimajoto. Februari tatizo hugeuka, nawe utahitaji maji baridi.

Sasa chapisha. Tandika karatasi mezani, upande wake unaong'aa ukiangalia juu, laza negativu juu yake upande uliofifia ukiangalia chini, kisha ufunike kwa kioo kizito chenye kingo zilizosuguliwa, ambacho fundi wa vioo yeyote atakukatia. Ukizigeuza pande, kibao cha duka kilicho nyuma ya babu kitasomeka kinyume. Mwanga utatoka kwenye tochi ndogo iliyofungwa imara kiasi cha mita moja juu ya kioo na kufunikwa kwa karatasi nyembamba ya shashi. Kumbuka kwamba ukiongeza umbali mara mbili mwanga unabaki robo, kwa hiyo tochi isisogezwe tena baada ya kupimwa.

Usianze na karatasi nzima. Kata ukanda, uulaze mahali ambapo uso wa mtu utaangukia, na uumulike kwa hatua: sekunde 2, kisha funika sehemu kwa kadibodi na uongeze sekunde 2, hivyo hivyo mpaka 10. Utumbukize kwenye developa kwa dakika 1 kamili ukiitikisa trei taratibu, siki sekunde 10, fiksa sekunde 30, halafu uutazame chini ya taa nyeupe. Usiutoe kwenye developa mapema kwa sababu tu unaona unakuwa mweusi. Muda wa dawa haubadilishwi, kinachobadilishwa ni muda wa mwanga.

Hapa ndipo miongozo mingi ya ng'ambo humwacha msomaji wetu njiani, kwa kuwa huambiwa apime weupe wa picha kwanza. Picha ya kawaida ya familia ya Nairobi ya miaka ya sitini au sabini ni ya mtu mwenye ngozi nyeusi aliyevaa shati jeupe lililopigwa pasi, na ukilipimia shati, uso utazama gizani. Pima uso. Chagua muda ambao paji la uso, mashavu na macho vinasomeka, kisha ulirudie shati peke yake: mulika karatasi nzima kwa muda wa uso, halafu uishike juu ya karatasi kadibodi yenye tundu lenye umbo la shati na uongeze mwanga hapo tu, ukiitikisa kadibodi bila kukoma ili mpaka usionekane. Mara nyingi nusu ya muda wa kwanza hutosha kurudisha vifungo na mikunjo ya kola. Hii ndiyo sehemu ya kazi ambayo hakuna kitufe kinachoifanya kwa niaba yako, na kwa maoni yangu ndiyo inayolipa gharama zote nyingine.

Negativu za rangi, zile zenye wekundu wa chungwa, zinachapika pia, ila zinahitaji mwanga wa muda mrefu zaidi na hutoa picha iliyopooza isipokuwa utumie kichujio cha kuongeza tofauti ya weusi na weupe, cha daraja la 4 au 5. Vitu vyekundu vitatoka karibu vyeusi, nyuso nazo zitakuwa nyeusi kuliko zilivyokuwa, wakati anga la samawati litakuwa jeupe. Gauni jekundu la harusi halitatambulika.

Ukishaizoea kazi hii na ukataka kukuza negativu za milimita 35, tafuta mashine ya kukuzia iliyotumika, ikiwa na lenzi ya milimita 50. Negativu za 6 kwa 6 zinataka lenzi ya milimita 75 au 80. Kagua lenzi kwa tochi uone kama ina ukungu kabla hujalipa. Mengine yote yaliyoelezwa hapa hayabadiliki.

Osha picha dakika 2 kwa maji yanayobadilika, pangusa matone kwa sifongo safi, na uzianike kwa vibanio kwenye kamba. Waulize wazee majina, mahali na mwaka, uandike nyuma kwa kalamu ya wino usiofutika baada ya picha kukauka kabisa, kwa sababu wino mbichi huhamia kwenye picha iliyo chini yake. Negativu zirudi kwenye bahasha mpya za karatasi isiyo na asidi, si kwenye mifuko ya plastiki ya sokoni, na zikae mahali pakavu mbali na ukuta wa bafu.

Developa iliyotumika na siki vinaweza kumwagwa kwenye bomba la maji taka la jiji pamoja na maji mengi. Fiksa iliyotumika ina fedha iliyoyeyuka na haifai kumwagwa kwenye shimo la choo wala bustanini. Iweke kwenye ndoo yenye mfuniko pamoja na vipande vya waya wa chuma wa kusugulia sufuria, uiache siku kadhaa. Chuma kitayeyuka na fedha itatuama chini kama tope jeusi. Chuja tope hilo, ulikaushe, na ulihifadhi kwenye chupa iliyoandikwa jina, mbali na watoto.