Kumzoesha Mtoto Viatu Anapoanza Kutembea

Kituo chetu cha kulea watoto kiko mtaa wa Umoja, Nairobi, na mlangoni pana rafu ya mbao ambako watoto huacha viatu vyao wanapoingia asubuhi. Baada ya miaka 11 ya kuvisha na kuvua viatu mbele ya rafu hiyo, nimefikia uamuzi mmoja ambao ndio msingi wa mwongozo huu: mtoto anayelia kila akivishwa viatu, au anayevivua kabla mama yake hajafika langoni, kwa kawaida ana sababu, na sababu hiyo tuitafute kwenye kiatu kabla ya kuitafuta kwenye tabia ya mtoto. Ndiyo maana hatua nyingi zilizo hapa chini ni kazi ya mzazi, na zile za mtoto mwenyewe ni chache.

Hatua ya 1: Mwache atembee miguu mitupu kwanza

Watoto wengi huanza kutembea bila kushikwa wakiwa na umri wa kati ya miezi 9 na 18. Kabla ya hapo mtoto husimama dede, hushika kochi, huizunguka meza akiiegemea, kisha siku moja huachilia mkono. Katika kipindi hicho chote hahitaji kiatu ndani ya nyumba. Vidole vyake hushika sakafu, wayo humpa habari kama anapokanyaga ni pagumu, panateleza au pameinama, na misuli midogo ya mguu hupata kazi yake. Kiatu hakimfundishi mtu kutembea. Kazi yake ni kumkinga mtoto na msumari, kipande cha chupa, sakafu baridi, funza, na minyoo ya safura ambayo viluwiluwi vyake hupenya ngozi ya wayo kutoka kwenye udongo uliochafuliwa na kinyesi.

Najua kwamba nyanya wengi hawakubaliani nami hapa. Wengi wetu tulilelewa tukiambiwa kwamba mtoto anahitaji buti gumu linalokaza kifundo cha mguu ili miguu isije ikapinda. Naiheshimu nia yao, lakini buti la namna hiyo hukizuia kifundo kufanya kazi ya kusawazisha mwili, na kazi hiyo ndiyo hasa mtoto anayojifunza wakati huo. Wala unyayo bapa usiwatie hofu, kwa kuwa chini ya wayo wa mtoto mdogo pana mto wa mafuta unaouficha upinde, na upinde wenyewe huendelea kujitokeza polepole katika miaka ya utotoni. Matege madogo nayo ni ya kawaida mpaka mtoto anapokaribia miaka 2.

Tukiwa bado hapo, kigari cha magurudumu cha kujifunzia kutembea sikipokei kituoni hata kikiletwa kama zawadi. Kanada ilipiga marufuku uuzaji wake mwaka wa 2004 kwa sababu ya watoto waliokuwa wakiumia navyo, hasa kwa kuporomoka ngazini, na majumba ya ghorofa ya Umoja na Pipeline hayajapungukiwa na ngazi.

Mwezi wa Julai, baridi ya Nairobi inapoingia sakafuni, mvalishe soksi zenye vidoti vya mpira upande wa chini. Soksi za kawaida juu ya vigae ni kama kumtembeza juu ya sabuni.

Hatua ya 2: Pima mguu

Muuzaji akikuuliza mtoto ana umri gani, mjibu kwa sentimita. Watoto wawili waliozaliwa wiki moja wanaweza kupishana kwa namba mbili za viatu, na namba zenyewe hutofautiana kati ya kiwanda na kiwanda.

Chukua kipande cha kadibodi, kwa mfano cha boksi la sabuni, ukiweke sakafuni kikigusa ukuta. Msimamishe mtoto juu yake, visigino vikigusa ukuta, huku mtu mwingine akimshika mikono na kumwonyesha kitu cha kumvutia. Ni lazima asimame, kwa sababu mguu unaobeba uzito hutanuka na kurefuka kidogo, na kipimo cha mtoto aliyepakatwa kitakudanganya. Chora mstari mbele ya kidole kirefu zaidi, ambacho si lazima kiwe kidole gumba, kisha urudie kwa mguu wa pili na ufuate ule ulio mrefu. Jioni ni bora kuliko asubuhi, kwa kuwa miguu huvimba kidogo kutwa. Mbele ya mstari huo ongeza milimita 10 hadi 12, ndipo ukate kadibodi kwa umbo la wayo.

Kipande hicho ndicho cha kubeba mkobani ukienda soko la Gikomba, la Toi au dukani, huku mtoto akibaki nyumbani. Kiingize ndani ya kiatu. Kikijikunja, kiatu ni kidogo. Kikiteleza mbele na nyuma, kiatu ni kikubwa mno. Hakuna haja ya kubishana zaidi ya hapo.

Kifungua mimba wangu nilimnunulia viatu vilivyozidi kwa namba mbili ili vimfae mwaka mzima, na muuzaji akanisifu kwa busara yangu. Siku ya pili alijikwaa ngazini akapasuka mdomo. Mtoto anayevaa kiatu kikubwa hukunja vidole ili kisimtoke, na ncha ya mbele isiyo na mguu ndani yake hunasa kila mahali.

Hatua ya 3: Kikague kiatu kabla ya kulipa

Kishike kwa mikono miwili ukikunje. Kiatu kizuri hukunjika sehemu ya mbele, pale vidole vinapokunjika mtu anapopiga hatua, tena kwa nguvu ndogo, kwa sababu anayetakiwa kukikunja ana kilo 10 tu. Kikikataa mikononi mwako, kitakataa pia mguuni mwake, naye atatembea kama aliyefungwa mbao. Kipime uzito kwa kukiweka kiganjani. Tazama mbele: pawe pana na pa mviringo ili vidole vitandazike. Gusa ndani kwa vidole vyako, utafute mshono uliotokeza au gundi iliyokauka ikawa na ncha, maana hayo hayaonekani kwa macho na mtoto wa mwaka mmoja hana maneno ya kuyaeleza. Soli iwe ya mpira na isiwe laini kama kioo. Mwisho, kiwe na kitu cha kukishikilia mguuni, iwe ni ukanda wa kunata au kamba. Ndara na viatu vya kuchomeka visivyo na mkanda wa nyuma vimngojee mpaka atembee vizuri.

Wengi wetu hununua mitumba, nami sioni aibu kusema kwamba viatu bora nilivyowahi kuvipata vilitoka kwenye rundo la mitumba. Hata hivyo, kiatu kilichovaliwa hubeba umbo la mguu wa mwenyewe wa kwanza. Kiweke mezani ukitazame kwa nyuma. Kikiegemea upande mmoja, au kisigino kikiwa kimelika upande, kiache hapo hapo hata kama bei ni ya kuchekesha. Ndani, pitisha kidole uone kama kuna mabonde yaliyochimbwa na vidole vya mtu mwingine. Kinachofaulu, kioshe kwa sabuni na ukikaushe kabisa kabla ya kumvalisha.

Viatu vinavyopiga mlio kila hatua hupendwa sana na wajomba na mashangazi wasioishi nyumba moja na mtoto. Havina ubaya vikiwa vyepesi, lakini vingi nilivyovishika vina soli nene isiyokunjika.

Hatua ya 4: Kiwe kitu cha kuchezea

Kwa siku moja au mbili, viatu vikae pamoja na vitu vyake vya kuchezea. Avishike, avigonge, ausikie ukanda wa kunata ukilia unapobanduliwa. Valisha kimoja mkononi mwako ukitembeze sakafuni.

Hatua ya 5: Mvalishe bila kumpiga mieleka

Machozi mengi huanzia hapa. Mtoto mdogo akiguswa wayo hukunja vidole, na mzazi mwenye haraka ya kuwahi matatu husukuma kiatu juu ya vidole vilivyokunjwa. Mtoto hulia, mzazi husema hapendi viatu, na kesho yake mtoto akikiona kiatu tu, anaukunja mguu mzima.

Anza na soksi. Igeuze ndani nje uondoe nyuzi zilizolegea, kwa kuwa uzi mmoja unaweza kujizungusha kwenye kidole cha mtoto na kuzuia damu bila wewe kujua. Mtoto mdogo anayelia bila sababu inayoonekana, mvue soksi kwanza utazame vidole vyake. Soksi yenyewe isivutike mno. Soksi inayobana hukunja vidole sawasawa na kiatu kinachobana.

Kisha mpakate, mgongo wake ukiegemea tumbo lako, nyote mkitazama upande mmoja, ili mikono yako ifike miguuni kama unavyofika kwenye miguu yako mwenyewe. Fungua kiatu chote: kamba zilegezwe mpaka chini, ulimi uvutwe mbele. Kunja goti lake kidogo, ingiza vidole, halafu pitisha kidole chako kimoja chini ya vidole vyake kuhakikisha kwamba vimenyooka. Sasa mshushe asimame na ubonyeze goti lake taratibu kuelekea chini, kisigino kitaingia chenyewe. Funga ukanda kiasi cha kuacha nafasi ya ncha ya kidole chako. Nasi kituoni tuna neno moja tunalolirudia kila mara, "Leta mguu," na baada ya wiki chache mtoto huleta mguu kabla hata hujamaliza kulitamka.

Usifanye haya akiwa na njaa au usingizi. Dakika chache baada ya kuamka na kula ndizo bora.

Hatua ya 6: Dakika chache ndani, kisha safari fupi

Siku ya kwanza, dakika 5 ndani ya nyumba zinatosha. Siku ya pili zifike 10. Atainua miguu juu sana kama anayevuka tope, atatanua hatua na kunyanyua mikono. Hayo ni ya kawaida na hupungua katika siku chache. Ikiwa baada ya wiki nzima bado anajikwaa akiwa na viatu lakini hajikwai akiwa miguu mitupu, rudi kwenye hatua ya 2.

Ukimvua, tazama ngozi. Alama nyekundu nyepesi ya mshono wa soksi hupotea haraka. Alama iliyobaki juu ya kidole kidogo au nyuma ya kisigino baada ya nusu saa inakueleza mahali kiatu kinapobana. Wayo wa mtoto bado una gegedu nyingi na ni laini, kwa hiyo unaweza kubanwa muda mrefu bila yeye kulia. Usingoje kilio kama ushahidi.

Kuanzia siku ya tatu au ya nne, kiatu kiwe tiketi ya kutoka nje. Mvalishe, kisha mtoke papo hapo: mkaangalie matatu zikipita, mkawaone kuku wa jirani, mfike kioski na kurudi. Nyumbani mkirudi, kivuliwe mlangoni. Mtoto huunganisha mambo haya upesi kuliko tunavyodhani, na sijapata njia inayoishinda hii. Akianza kukuletea kiatu mwenyewe, kazi kubwa imekwisha.

Hatua ya 7: Akivivua

Usimkemee wala usicheke. Vyote viwili ni malipo kwake. Kagua vidole, soksi na mchanga ulioingia ndani. Ukikuta tatizo, liondoe. Usipolikuta, mvalishe tena mara moja bila maneno mengi, na mtembee hadi mahali anapopapenda. Akivivua mara ya tatu, mbebe na ujaribu kesho.

Mvua na tope

Katika mvua za Machi hadi Mei, na zile za Oktoba hadi Desemba, njia za mitaa yetu ya Eastlands huwa tope. Gambuti humfaa mtoto anayetembea vizuri, na hata kwake ni kwa muda mfupi, kwa sababu ni zito na halikunjiki. Anayeanza kutembea abebwe kuvuka tope. Kiatu kilicholowa kikaushwe mahali penye hewa, kikiwa kimejazwa gazeti, na asivalishwe kikiwa na unyevu.

Wakati wa kwenda kliniki

Chanjo ya surua na rubela hutolewa mara ya pili mtoto akiwa na miezi 18, kwa hiyo utakuwa kliniki hata hivyo. Ikiwa hadi siku hiyo hajatembea peke yake, mwambie muuguzi. Mweleze pia ukiona mtoto anachechemea, anatembea kwa ncha za vidole wakati wote hata baada ya miaka 2, au ana matege yanayoongezeka badala ya kupungua. Dalili hiyo ya mwisho naitilia maanani hasa kwa watoto wanaolelewa katika vyumba visivyoingiwa na jua, kwa kuwa upungufu wa vitamini D huifanya mifupa kuwa laini. Mtoto aliyekuwa akitembea kisha akakataa ghafla kukanyagia mguu mmoja apelekwe siku hiyo hiyo.

Hatua ya 8: Pima tena

Kati ya mwaka 1 na miaka 3, mguu huongezeka kwa wastani wa karibu milimita 1.5 kila mwezi, na namba moja ya viatu ya Ulaya ni theluthi mbili za sentimita. Hesabu hiyo inamaanisha kwamba kiatu kilichokuwa na ile nafasi ya milimita 10 mwezi wa Januari kinaweza kuwa kimejaa kufikia Agosti, na wengine hukua haraka zaidi ya wastani. Mimi huwashauri wazazi waitunze ile kadibodi, waiandike tarehe, na wamsimamishe mtoto juu yake kila baada ya miezi 2. Kidole kikibakiza milimita 5 au chini yake kabla ya ukingo, kadibodi mpya ikatwe.