Sahihi mbili kati ya tatu: mkoba wa Bitcoin wa kikundi cha akiba

Tuseme kikundi kina watunza funguo watatu: mmoja Kampala, mmoja Mbale, mmoja Arua. Sahihi za wawili zinatosha kutoa pesa. Mratibu ana Sparrow, programu ya mkoba wa Bitcoin, kwenye laptopu yake, lakini hana ufunguo wowote wa siri humo. Ikiibiwa, mwizi ataona salio na kuishia hapo.

Hatua ya 1: Funguo. Kila mmoja azalishe maneno yake 24, yaani ufunguo wake wa siri kwa maneno, ndani ya kifaa chake kisichogusa intaneti, kama Coldcard au SeedSigner, na ayaandike kwa kalamu. Hakuna kupiga picha.

Hatua ya 2: Mkoba. Kila kifaa kinatoa ufunguo wa umma. Mratibu anaingiza zote tatu, anachagua 2 kati ya 3, kisha anatoa faili la maelezo ya mkoba. Faili hili ndilo watu hulidharau. Maneno ya mmoja yakipotea, ya wawili waliobaki hayatoshi peke yake, kwa sababu mtandao wa Bitcoin unataka kuonyeshwa funguo zote tatu za umma ndipo pesa itoke. Basi kila mtunza funguo awe na nakala yake. Anayeliiba hawezi kutoa pesa, ila atasoma miamala yenu yote. SeedSigner haihifadhi kitu, kwa hiyo utalipakia upya kila unaposaini.

Kabla ya kuweka akiba yote, weka kidogo, futa kifaa kimoja, kirejeshe kwa maneno yake, kisha jaribuni kutoa.

Hatua ya 3: Muamala. Mratibu anaandika anwani, kiasi na ada ya mtandao wa Bitcoin, halafu anahifadhi faili la PSBT, yaani muamala unaosubiri sahihi.

Hatua ya 4: Kusaini. Faili linaweza kwenda Mbale hata kwa WhatsApp, kisha likaingia kwenye kifaa kwa kadi ya memori au kwa QR. Usiamini skrini ya laptopu. Soma ya kifaa. Mwaka 2022 Benki Kuu ya Uganda ilizuia kampuni za malipo zenye leseni kusaidia kubadilisha sarafu hizi kuwa mobile money, kwa hiyo mara nyingi unamuuzia mtu binafsi, na anwani ni mpya kila safari. Mpigie simu, akusomee yote, herufi kwa herufi. Kisha angalia ada, na kama kifaa kinaitambua chenji, yaani pesa inayobaki na kurudi kwenu, kuwa ni ya mkoba wenu. Kisipoitambua, usisaini.

Hatua ya 5: Kutuma. Wawili wanaweza kusaini kwa wakati mmoja. Sparrow itaunganisha sahihi. Kusaini hakuhitaji intaneti, kutuma kunahitaji: katika siku kama zile za Januari 2021 mtandao ulipozimwa nchini, muamala ungesubiri tu. Hauozi, ila ada ya Jumatatu huenda ikawa ndogo mno Ijumaa, na kuipandisha maana yake ni kuwatafuta tena watu wawili wasaini upya. Mimi huweka ada ya juu kidogo tangu mwanzo.