Bajia za kunde: kavu nje, laini ndani, pilipili ya kutosha

Nakaanga bajia za kuuza jioni, na wateja huniuliza kila mara kwa nini zao za nyumbani hulegea na kunywa mafuta. Wengi hulaumu moto. Mara nyingi kosa ni maji yaliyoingia wakati wa kusaga.

Mahitaji: kunde kavu nusu kilo, kitunguu maji kikubwa 1, punje 5 za kitunguu saumu, pilipili mbichi 4 (pilipili mbuzi ukitaka kali zaidi), fungu la kotmiri, kijiko 1 cha chai cha bizari nzima, chumvi na mafuta. Yai halihitajiki, wala unga wa ngano.

1. Loweka kunde saa 6 hadi 8. Kukiwa na joto kali badilisha maji katikati, zisije zikachacha. Kisha zifikiche kwa viganja ndani ya maji, maganda yataelea, yamwage, rudia mpaka zibaki nyeupe. Inachosha, najua, lakini usiiruke: maganda huifanya bajia iwe nzito.

2. Zichuje mpaka zisidondoshe hata tone. Saga pamoja na saumu na pilipili. Blenda ikikwama, izime, koroga kwa mwiko, washa tena. Ukilazimika, ongeza maji kijiko kimoja kimoja, basi. Rojo liwe zito, na ukilisugua kwa vidole usikie chembechembe. Mwenye kinu atapata bajia nzuri kuliko mwenye blenda, kwa kuwa kinu hakihitaji maji.

3. Lipige rojo kwa mkono dakika 5 nzima. Hapa hakuna hamira, hewa ndiyo inayoumua. Dondosha tone kwenye kikombe cha maji: likielea liko tayari, likizama endelea kupiga. Chumvi, kitunguu kilichokatwa, kotmiri na bizari vitie mwisho kabisa, karai likiwa tayari motoni. Chumvi huvuta maji kutoka kwenye kitunguu, na rojo lako zito litageuka uji.

4. Mafuta yawe mengi, moto wa wastani. Tone la rojo lizame kidogo kisha lipande likitoa mapovu. Chota kwa vidole madonge ya ukubwa wa ndimu ndogo, 7 au 8 kwa mkupuo, maana ukijaza karai mafuta hupoa. Geuza geuza dakika 5 hadi 6. Mapovu yakipungua, maji yamepungua: epua.

Ziweke kwenye chujio, zipate hewa. Tafadhali, si kwenye hotipoti! Mvuke utazilainisha zote kabla wageni hawajaketi.

Chatne: saga kikombe 1 cha nazi iliyokunwa, pilipili 2, punje ya saumu, chumvi na ndimu.

Zikibaki, kesho zikatekate uzitie kwenye urojo.