Jinsi ya kupima kama mipaka ya majimbo imechorwa kwa haki

Ukimpa mtu ramani ya majimbo ya uchaguzi, kwanza atatazama umbo. Mazoea hayo ni ya zamani: mwaka 1812 gavana Elbridge Gerry wa Massachusetts, Marekani, alitia saini ramani yenye jimbo lililofananishwa na salamanda, na jina lake likageuka jina la hila yenyewe ya kuchora mipaka ili kupendelea chama (gerrymandering). Lakini mto au pwani hupinda jimbo bila hila, na jimbo la mraba safi linaweza kuficha dhuluma. Mimi huanza na hesabu.

Hatua ya 1: idadi ya watu. Gawanya jumla ya watu kwa idadi ya majimbo, kisha uone kila jimbo limepishana kiasi gani na wastani. Hesabu na watoto. Mbunge huwawakilisha wao pia.

Hatua ya 2: kura zilizopotea. Hapa usiharakishe, shika kalamu. Tuseme kuna majimbo 5, kila moja kura 100. Chama A kimepata 60, 60, 60, 15 na 15. Chama B: 40, 40, 40, 85 na 85. B kina kura 290 dhidi ya 210, ila viti 3 kati ya 5 vimekwenda kwa A!

Kura ya aliyeshindwa imepotea. Ya mshindi iliyozidi nusu nayo imepotea. A kimepoteza 30 za ziada na 30 za kushindwa, jumla 60. B kimepoteza 120 na 70, jumla 190. Tofauti ni 130, yaani asilimia 26 ya kura zote. Wafuasi wa B wamerundikwa majimbo mawili, na waliobaki wametawanywa wasifike nusu popote.

Hatua ya 3: usimshtaki mchoraji bado. Pengine wafuasi hao wanaishi pamoja tu. Tengeneza kwa kompyuta maelfu ya ramani zinazofuata kanuni zilezile. Tofauti ya kura zilizopotea katika ramani rasmi ikizidi sana ile ya takriban ramani hizo zote, hapo una hoja nzito.

Hatua ya 4: jaribu mfumo mwingine. Unganisha majimbo hayo 5 kuwa moja lenye viti 5, wapiga kura wapange wagombea kwa namba, 1, 2, 3; kura za ziada za mshindi, na za aliyeondolewa, huhamia kwa anayefuata kwenye orodha. Kiwango cha kupata kiti ni kura 84: gawanya 500 kwa 6 (viti 5 na 1), kisha panda hadi namba nzima inayofuata. Kila mtu akiwatanguliza wagombea wa chama chake, B kinapata 3 na A 2, kwa kura zilezile 500. Ireland inachagua bunge lake hivi tangu 1922. Ila usikubali majimbo ya viti 2: hapo mkono wa mchoraji unarudi kuwa na nguvu.